Chila au skima kubwa? Tochi yangu imepauka, msaada jamani

Mpemba_Maskati
Assalaam alaykum wakubwa. Niko Maskati, nina tangi la matumbawe sebuleni. Tochi yangu, ile tumbawe aina ya Euphyllia ya rangi ya dhahabu niliyoipenda kuliko zote, imeanza kupauka na vidole havitoki kama zamani, vimejikunyata tu. Muuza duka anasema ni joto, ninunue chila, ile mashine ya kupoza maji. Sahibu yangu anasema maji machafu, niweke skima kubwa zaidi, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja, na Alhamisi nakwenda dukani. Kipi bora?

FundiMaji_Dar
Mkuu, umetueleza yote isipokuwa tunayoyahitaji. Tangi lita ngapi? Joto la maji asubuhi na usiku? Chumvi? Alkali? Nitrati na fosfati? Tochi imekaa juu karibu na taa au chini? Matumbawe mengine yakoje? Huwezi kumuuliza daktari "panadol au sindano" kabla hajakupima.

Mpemba_Maskati
Lita 240. Maji nilipeleka dukani wakayapima, wakanambia yako sawa.

FundiMaji_Dar
"Yako sawa" siyo namba.

Kisauni_Matumbawe
Mimi namba sizingoji, nasema chila. Chakula kingi cha tumbawe na sehemu kubwa ya rangi yake vinatokana na mwani wa seli moja unaoishi ndani ya nyama yake. Joto likizidi, ule mwani unaanza kutoa sumu na tumbawe linautema. Hapo ndipo unaona weupe, kwa sababu nyama inabaki kama kioo na mfupa unaonekana. Baharini inatosha nyuzi moja tu juu ya joto la kilele cha kiangazi, likidumu majuma kadhaa. 1998, mwaka wa El Niño, tuliona pwani yetu Kenya na Tanzania matumbawe yakigeuka meupe na mengi yakafa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, lita 240 Maskati mwezi wa sita zitaweza?

Bi_Shungi
Chila ghali, ina kelele, na joto linaloitoa kwenye maji inalirudisha hapo hapo sebuleni. Weka feni mbili zipulize juu ya maji. Mie zinanishushia nyuzi mbili na umeme siusikii kwenye bili.

Kisauni_Matumbawe
Feni inapoza kwa kuyafanya maji yavukize. Hewa ikishajaa unyevu wa bahari haivukizi kitu. Na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo ukiweka feni ujaze maji ya RO, yaliyochujwa chumvi na madini, kila siku. Wapo wanaojazia maji ya chumvi, baada ya juma wanashangaa.

Bi_Shungi
Dar unyevu hatuna? Nimekwambia nyuzi mbili.

Kisauni_Matumbawe
Dar siyo Maskati, dada.

Mswahili_Minnesota
Kabla ya chila na feni, maji yenyewe unayatoa wapi? Nauliza kwa sababu yaliyonikuta nayajua. Huku nilikuwa nanunua maji ya RO kwa madumu kutoka duka moja la samaki, maana fleti yangu ya zamani mwenye nyumba hakuruhusu kufunga mtambo. Yakaanza matumbawe laini kujifunga, nikaambiwa taa. Nikabadilisha taa. Ikafuata nyundo, tumbawe jingine, nyama ikarudi nyuma mpaka mfupa ukawa nje, nikaambiwa skima. Nikanunua skima, ya bei mbaya. Konokono wakawa wanaanguka kwenye kioo mmoja mmoja, na konokono kuanguka ni dalili kwamba kuna kitu kwenye maji, shaba au kingine. Duka lile lile ndilo lililokuwa linanipa ushauri, na kila ushauri ulikuwa na risiti. Mwisho akaja kijana mmoja kununua mawe yangu maana nilishaamua kuacha, akatoa mfukoni kipima TDS, cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini, akakitia kwenye dumu ambalo halijafunguliwa. Maji ya RO/DI yanatakiwa yasome 0. Yalisoma 140. Walikuwa hawajabadilisha vichujio sijui tangu lini. Nyundo ilishakufa. Sasa natengeneza maji yangu mwenyewe, na kaboni ya kuchujia haitoki kwenye sampu yangu, lile tangi la chini.

Mgeni_Nungwi
Jamani mnateseka na vitu vya kununua. Huku kwetu matumbawe ya bure baharini. Likizo ukija Unguja chukua kipande, weka kwenye dumu, nenda zako.

FundiMaji_Dar
Usithubutu. Matumbawe ya mawe yote yako Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ukiyavusha mpaka bila kibali, yawe hai au makavu, umevunja sheria. Na nyote mnaosoma: tumbawe la tangini likikushinda usiende kulitupa baharini, hujui limebeba ugonjwa gani.

Mgeni_Nungwi
Wanaochoma matumbawe kupata chokaa hamuwasemi, mnamsema anayechukua kipande cha kidole.

Kisauni_Matumbawe
Tunawasema sana tu. Fungua mada yake, hapa ni tochi ya mtu.

Mpemba_Maskati
Nimerudi. Nimeazima vifaa vya kupimia. Joto asubuhi 26.4, usiku 27.6. Chumvi 35. Alkali 8.1. Kalisi 420. Nitrati 0, fosfati 0. Maji natengeneza mwenyewe, TDS 0. Tochi iko katikati ya mwamba. Halafu, sijui kama ina maana: kabla haijaanza kupauka tulikwenda Salala na familia, AC ya sebuleni ikazimwa. Na safari ilipokaribia sahibu alinifungia taa mpya ya LED, ina nguvu kuliko ile ya zamani.

FundiMaji_Dar
Ina maana?? Hiyo ndiyo kesi yenyewe!

Kwanza skima itoe kwenye orodha. Nitrati 0 na fosfati 0 siyo usafi, ni njaa. Tumbawe lililotema mwani wake linahitaji chakula, wewe unataka kumwongezea mashine ya kuondoa chakula. Lisha samaki zaidi kidogo, hiyo skima uliyo nayo izime saa chache, lenga nitrati kama 5 na fosfati 0.05. Usimwage dawa za chupa zote kwa mpigo.

Pili, taa ishushe leo, nusu ya nguvu, halafu uipandishe taratibu kwa majuma. Tochi inatosheka na PAR (kipimo cha mwanga) 80 hadi 150.

Tatu, angalia imepauka wapi. Ikiwa ni upande unaotazama taa tu na kwenye kivuli rangi ipo, ni mwanga. Ikiwa mwili mzima sawasawa, na majirani zake pia, shuku joto.

Bi_Shungi
Na usiku washa taa ya simu uitazame kwa karibu. Ukiona ute wa kahawia kama jeli, nyonya kwa mpira ukiwa umezima pampu, kata kichwa kilichooza ukitoe, huo unahama kichwa hadi kichwa. Tazama na minyoo bapa. Kama nyama imeshika mfupa vizuri na ni rangi tu iliyoondoka, bado iko hai, usiikatie tamaa.

Kisauni_Matumbawe
Iogeshe kwenye ayodini kabisa, uondoe shaka.

Bi_Shungi
Imechoka hivyo uitoe tena ukaikoroge kwenye dawa? Kwa mdudu gani uliyemuona?

Kisauni_Matumbawe
Zangu naziogesha na hazifi.

Mpemba_Maskati
Nimetazama. Hakuna jeli, hakuna mnyoo. Nyama imeshika. Juu ni nyeupe, kwenye kivuli bado ina rangi. Lakini uyoga wa chini, nao ni tumbawe, umepauka kidogo, na huo haupati mwanga mwingi. Taa nimeishusha.

Kisauni_Matumbawe
Uyoga wa chini! Joto hilo. Chila.

FundiMaji_Dar
Uyoga unaweza kupauka kwa njaa ile ile ya fosfati 0. Mwanga umeipiga tochi.

Mswahili_Minnesota
Mnagombania nini? Joto na mwanga vinasaidiana kuumiza. Maji yakiwa ya moto, hata mwanga wa kawaida unakuwa mwingi. AC ilizimwa na taa kali imewaka, hakuna anayejua maji yalifika ngapi. Mpemba, nunua kwanza kipimajoto kinachoweka kumbukumbu, ni bei ya chakula cha samaki. Na refraktomita ya kuazima, ile ya kupimia chumvi, ilirekebishwa kwa maji ya chumvi 35 au kwa maji matupu?

Mpemba_Maskati
Hilo la refraktomita sijui, nitamuuliza mwenyewe. Skima nimeacha. Chila nafikiria, maana kiangazi kijacho safari zitakuwepo tena na mama watoto hataki AC iwake nyumba ikiwa tupu.

Sur_Aquatics_Mzee
Samahani kuingilia. Niko Sur, hapa hapa Oman, nina chila imetumika msimu mmoja, inatosha mpaka lita 300. Nauza kwa sababu nahama. Anayetaka aniandikie pembeni.

Bi_Shungi
Mwulize kwanza kelele.

Mpemba_Maskati
Ami, ina mlio kiasi gani? Tangi liko ukuta mmoja na chumba cha kulala.