Tupeane uzoefu: mgeni akija Nakuru na Kisumu, wapi pa kumpeleka na wapi pa kuacha

Binti Lanet
Wadau, hamjambo. Mjomba wangu anakuja kutoka Lamu mwezi ujao. Ana miaka 72, kazi yake ya maisha ni kuunda mashua, na huku bara hajawahi kuvuka Nairobi. Atakuwa na siku moja kwangu hapa Nakuru na siku mbili kwa dada yangu Kisumu. Goti lake la kulia linamsumbua, kwa hiyo mambo ya kupanda sana hayawezi.

Kitu cha kwanza alichoniambia kwa simu: "Mwanangu, nataka niwaone heroe wa Nakuru kabla sijafa." Habari za ndege hao amezisikia tangu ujana. Nami kila mgeni ninayempeleka ziwani siku hizi huniuliza flamingo wako wapi. Sitaki mzee asafiri siku mbili aje avunjike moyo. Naomba mnipe yaliyowatokea ninyi wenyewe: mlimpeleka nani, wapi, saa ngapi, na kama mngerudia.

Dereva wa Njoro
Dada, mimi nimeendesha wageni mbugani miaka 14. Mwambie mzee ukweli kabla hajakata tiketi ya basi.

Flamingo mdogo anakula mwani, na mwani ule unastawi kwenye maji ya magadi. Tangu kama 2010 ziwa lilianza kujaa. Maji matamu ya mvua na mito yakaingia kwa wingi, magadi yakazimuka, mwani ukapungua, ndege wakafuata chakula Bogoria na maziwa mengine. Ukienda leo utaona vigogo vya migunga vimesimama majini, vyeupe, vimekauka. Mahali nilipokuwa nikiegesha gari wageni wapige picha sasa ni maji matupu. Flamingo hawajaisha kabisa, kuna siku unakuta kundi. Lakini lile ziwa la waridi la kwenye kalenda usimwahidi mtu.

Hata hivyo mbuga yenyewe nitaitetea. Mwaka mmoja nilibeba walimu wa kutoka Busia waliolipa kampuni fulani pesa nzuri wakiahidiwa flamingo. Tulizunguka kwa muda wa saa tatu, hakuna hata mmoja. Gari zima kimya, nami nikiona aibu kama vile niliwadanganya mimi. Halafu kwenye kona, kifaru mweupe na ndama wake, hatua kama kumi kutoka dirishani. Nikazima injini. Unamsikia akikata nyasi kwa mdomo, sauti kama fundi cherehani anayerarua kitambaa. Mwalimu mmoja alilia. Vifaru walianza kulindwa humo kwenye hifadhi yao mwaka 1987, na ukitoa Nairobi, sidhani kuna mji mwingine nchini ambapo unakunywa chai nyumbani kisha baada ya nusu saa unasimama mbele ya mnyama kama huyo.

Ingieni saa kumi na mbili asubuhi lango likifunguliwa. Malipo fanyeni eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, usiku wa kuamkia, pesa taslimu hawapokei. Na kitambulisho cha mzee kisisahaulike.

Mama Marigat
Kama ni heroe anaowataka, basi mlete Bogoria. Lakini kwanza mpigie mtu aliyepita huku wiki hiyohiyo, maana ndege hawa hawana anwani. Mimi niliwahi kuwaleta wakwe zangu bila kuuliza, tukawakuta wamehamia upande wa mbali wa ziwa, wanaonekana kama ukanda tu. Kilichotuokoa ni chemchemi za maji moto. Jua la huku ni kali sana, mzee wa goti bovu asikae nje saa sita. Na ukija Bogoria, siku yako ya Nakuru imekwisha.

Kijana wa Section 58
Menengai, ile kreta ya volkeno, nimeenda mara mbili, na ni kama nilienda mahali pawili tofauti. Mara ya kwanza tulifika saa saba mchana na wenzangu wa chuo kutoka Mumias. Ukungu wa vumbi, upepo unakutia mchanga machoni, tukakaa dakika kumi tukashuka tukinung'unika nauli ya bodaboda. Mara ya pili nilienda peke yangu saa moja asubuhi. Bakuli lote liko wazi mbele yako, kilomita 12 kwa 8, miamba myeusi ya lava chini, na mvuke unapanda kutoka visima vya umeme wa jotoardhi. Mtu asiseme Menengai haifai kabla ya kuiona asubuhi. Ila ukingo hauna uzio wa maana, mshike mzee mkono.

Mwalimu wa Bahati
Samahani nitaandika kirefu, lakini nimesoma "Lamu" na "kuunda mashua" nikakumbuka kitu ambacho hapa hakuna aliyekitaja.

Mpeleke Hyrax Hill. Iko kama kilomita nne tu kutoka katikati ya mji, barabara ya kwenda Nairobi, na wenyeji wengi wa Nakuru wameipita maisha yao yote bila kuingia. Mary Leakey alichimba hapo 1937, akakuta makaburi na makazi ya watu wa kale. Nyumba ya makumbusho ni ndogo, mtu asiyejua ataitembea kwa robo saa aseme amedhulumiwa. Nilipeleka darasa la saba mwaka fulani, nusu yao walitaka turudi basini. Kisha mwelekezaji akatupeleka kwenye mwamba uliochongwa mashimo kwa safu. Bao, dada. Bao la kuchezea, limechongwa kwenye jiwe lenyewe. Watoto wakaokota vijiwe wakapiga magoti, hatukuondoka mpaka saa tisa.

Mjomba wako anacheza bao?

Binti Lanet
Mwalimu, anacheza kila siku baada ya alasiri, na hapendi kushindwa. Nimesisimka mwili.

Na kasri la Egerton pale Ngata? Kila mtu ananitajia.

Mwalimu wa Bahati
Nyumba ni nzuri na kisa chake ni kitamu, Lord Egerton alianza kuijenga 1938 ikakamilika 1954. Kwa maharusi wanaotaka picha, naam. Kwa mzee wa goti na siku moja, acha.

Mkaazi wa Milimani, Kisumu
Kwa upande wa Kisumu nianze na lililonipata. Nilimpeleka mama mkwe ziwani kuona viboko. Kijana wa boti akatutajia bei nchi kavu, tukakubaliana. Tulipofika katikati bei ikapanda, eti viboko wamehama mbali, tuongeze mafuta. Jaketi za kuokolea zilikuwa tatu na sisi watu sita. Viboko hatukuwaona, tukarudi tumelowa, maana ilikuwa saa tisa na upepo wa ziwa ulishaamka.

Tangu siku hiyo nina sheria zangu: naenda asubuhi maji yakiwa yametulia, bei inasemwa mbele ya watu wawili watatu wa pale ufukweni, na sipandi mpaka kila mtu amevaa jaketi. Nimeshapanda mara nyingi hivyo na nimefurahi. Kiboko ni bahati. Ndege wa kwenye mafunjo hawakosi.

Nyar Dunga
Pole kwa hayo, na si wote walio hivyo. Mimi nimezaliwa Dunga. Wageni wanakuja saa kumi na moja jioni kupiga picha ya jua likizama, halafu wanaondoka. Jua letu ni zuri kweli, kwa sababu ziwa limelala upande wa magharibi yetu. Lakini kijiji hakuna aliyekiona. Njooni asubuhi boti zikirudi, mwone akina mama wanavyopokea samaki, ngege hapa, mbuta pale, omena zikimwagwa kwenye nyavu zikauke. Na kama mzee ni fundi wa mashua, mafundi wetu wanafanyia kazi papo hapo kando ya maji. Hakuna kiingilio cha kumtazama fundi. Msalimie tu.

Samaki mchague mwenyewe akiwa mbichi, kubalianeni bei kwa ukubwa wake kabla hajaingia kwenye mafuta. Vile vibanda vya Lwang'ni ambavyo watu wanavitaja havipo tena, vilivunjwa wakati bandari ilipotengenezwa.

Baba Mapacha
Makumbusho ya Kisumu yaliwafaa wangu kwa sababu ya boma la Kijaluo lililojengwa ndani, nyumba ya mikayi (mke wa kwanza), ya nyachira (wa pili) na ya reru (wa tatu), kila mke na mahali pake. Hakuna kupanda. Hifadhi ya Impala ni ya watoto. Mimi kumtazama chui kwenye kizimba kunanihuzunisha, siendi tena.

Mtu wa Seme
Kit Mikayi mbona mmeisahau? Mawe yale yamepandana juu kama yalivyopangwa na mtu, unayaona ukiwa mbali kwenye barabara ya Bondo. Wazee wetu wanasimulia kuhusu Ngeso, aliyeyapenda mawe hayo hata kila asubuhi akawa haonekani nyumbani, na mkewe akiulizwa mume yuko wapi anajibu ameenda kwa mke wa kwanza. Ndiyo maana ya jina, jiwe la mke wa kwanza. Watu wanaenda kufunga na kuomba pale mpaka leo, kwa hiyo tuingie kwa heshima. Mzee hahitaji kupanda, akae chini kwenye kivuli asikilize kisa kutoka kwa wenyewe. Bila msimulizi utaona mawe tu.

Binti Lanet
Wadau, nimerudi. Mjomba ameshafika kwake salama na nawapa majibu.

Habari ya heroe nilimwambia mapema. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Kama wamefuata riziki, siwalaumu." Tuliingia mbugani saa kumi na mbili. Tulimpata kifaru, mmoja, mbali kiasi. Flamingo kama thelathini ng'ambo ya maji, akawatazama kwa darubini ya dereva mpaka mkono ukachoka. Lakini alichosimamisha gari kwa ajili yake ni ile migunga iliyokufa majini. Aliuliza mbao zile huchukuliwa na nani. Akaambiwa hakuna kinachotolewa mbugani. Akatikisa kichwa.

Menengai tuliiacha kwa sababu ya muda. Hyrax Hill tulifika saa nane. Mwalimu, Mungu akubariki. Mjomba aliinama na goti lake lile lile, akapitisha kidole ndani ya kila shimo. Akasema si kama letu la mashimo 32, lakini mkono wa mchezaji anautambua, mashimo yamelainika upande mmoja. Tukaokota vijiwe. Amenifunga mara nne.

Kisumu, Kit Mikayi tuliketi kivulini kama ulivyoshauri, mtu wa Seme, na mzee wa pale na mjomba wakabadilishana visa mpaka mimi nikasahauliwa. Siku ya mwisho tulienda Dunga asubuhi. Alichovya kidole ziwani akakigusisha ulimini, akacheka peke yake kwa kukosa chumvi. Kisha akamwona fundi anaziba nafasi za mbao kwa pamba. Akasalimu, akauliza kwa nini pamba, wao hutia kalafati hivi na hivi. Fundi akamsogezea kigoda. Mimi nikaenda sokoni Kibuye, nikarudi, nikala, nikarudi tena.

Boti ya kuona machweo nilikuwa nimeshailipia. Saa kumi na mbili na nusu watu wote ufukweni wameinua simu kuelekea ziwani, anga nyekundu mpaka kwenye maji, na mjomba ameligeuzia jua mgongo, patasi mkononi, anamwonyesha yule fundi jinsi ya kusukuma pamba isikatike.