Mipira ya vakyumu inaning'inia, W123 ya dizeli haizimi kwa ufunguo

dizeli_kavu:
Wakuu habari zenu. Nina Mercedes W123, ni 300D ya 1983, injini OM617 isiyo na tabo, gia boksi ya oto. Ilifunguliwa upande wa juu kubadilisha gasketi na tangu irudishwe kuna vimipira vyembamba vya vakyumu (mvuto wa hewa) vimebaki vinaning'inia nyuma karibu na nozo pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, vingine vimechomekwa lakini sina uhakika kama ndipo mahali pake. Dalili ni hizi, natoa ufunguo injini inaendelea kunguruma kama haijaambiwa kitu, inabidi nifungue boneti nibonyeze ile liva iliyoandikwa STOP. Gia zinaingia kwa kishindo hasa ya kwanza kwenda ya pili. Kufuli za milango zimekufa zote isipokuwa mlango wa dereva unaofungwa kwa mkono. Breki ziko vizuri. Rangi za mipira zimefifia, mingine yote imeshakuwa nyeusi kwa mafuta na vumbi. Naomba mwenye kujua anielekeze upi unaenda wapi, sitaki kuchomeka kwa kubahatisha.

nozo_pampu:
Mkuu umefanya vizuri kutobahatisha. Kwanza uelewe mfumo wenyewe maana ukishauelewa mipira itajieleza. Dizeli haina kile kipepeo cha kuziba hewa kwenye menifodi (njia ya hewa kuingia injini) kama petroli, kwa hiyo menifodi haina mvuto wa maana, ndo maana kuna pampu ya vakyumu imefungwa mbele ya injini. Kutoka hapo linatoka bomba moja nene linaenda kwenye busta ya breki, kile kinachosaidia mguu kukanyaga breki, na juu ya hilo bomba kuna vichuchu vidogo. Kila kitu kingine kwenye hiyo gari kinakunywa kutoka kwenye hivyo vichuchu. Breki zako ziko vizuri, maana yake pampu inavuta na bomba nene lipo salama, shida yako iko kwenye matawi.

Matawi makubwa ni matatu. La kwanza ni la kuzima injini: mpira wa kahawia unaingia kabini hadi nyuma ya swichi ya ufunguo, halafu unarudi mwingine wa kahawia wenye mstari wa bluu hadi kwenye valvu ya kuzimia iliyoko nyuma ya nozo pampu. Ukiwa umewasha, swichi inazuia mvuto, ukizima inauachia uende kwenye valvu na valvu inakata dizeli. La pili ni la gia boksi, linapita kwenye valvu ndogo inayosukumwa na fito za kanyagio la mafuta kisha linashuka hadi kwenye modyuleta, kifaa kinachopanga ulaini wa kubadilisha gia, ubavuni mwa gia boksi. Hapo mvuto ukiwepo gia inaingia laini, ukikosekana inaingia kwa kishindo, ndicho unachokisikia. La tatu ni la njano, kufuli za milango.

mwanagereji:
Naongezea kwa mkuu hapo juu, hizo rangi usizitegemee sana kwenye gari ya umri huo. Imepita kwenye mikono mingi na kila fundi anakata mpira uliochakaa anaweka ulioko mezani. Mimi nafuata mvuto, sifuati rangi.

Tafuta pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji, ni kifaa kidogo tu lakini bila hicho utazunguka gari mpaka uchoke. Anza hivi. Injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), chomoa mipira yote myembamba kwenye lile bomba nene la busta ya breki, ziba vichuchu vyote, kimoja weka geji. Isome. Pampu nzima inatakiwa ikupe inchi 20 za zebaki (kipimo cha mvuto) kwenda juu, na ifike haraka, siyo mshale upande kwa kujivuta. Ila kama unaishi nyanda za juu usiihukumu pampu bure, kila mita 300 hivi unazopanda unapoteza kama inchi moja kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi.

Ukiridhika, nenda kwenye valvu ya kuzimia. Chomoa mpira wake, weka pampu ya mkono moja kwa moja kwenye valvu, injini ikiwa inanguruma vuta. Inatakiwa izime hapo hapo. Isipozima na mshale unarudi sifuri basi kile kingozi cha mpira ndani ya valvu kimechanika. Angalia pia kama mpira wake una mafuta ya injini ndani, ukikuta mafuta hakuna haja ya kubishana, valvu ni ya kubadilisha.

Ikizima vizuri rudi nyuma hatua moja moja. Injini ikiwa imezimwa vuta kwenye ule wa kahawia unaokwenda swichi, ufunguo ukiwa umewashwa mshale utulie palepale. Halafu zima ufunguo huku unavuta, mvuto utokee kule kwenye mpira wa pili. Ukifanya hivyo kila tawi, unaunganisha moja, unasoma geji, ndo unaenda lingine. Tawi litakaloangusha mshale ndilo lenye tobo. Watu wengi wanaunganisha vyote kwa pamoja kisha wanaanza kusikiliza sauti ya hewa, na injini ya dizeli ilivyo na kelele hutasikia kitu.

mama_wa_OM:
Kaka jambo moja muhimu kabla hujaanza kuziba kila tundu. Siyo kila mpira usiochomekwa mahali umechomoka. Kuna mipira ya kupumulia, inapita kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na kabini na kuishia ndani ya kabini wazi kabisa, imewekwa hivyo ili valvu zivute hewa isiyo na vumbi la injini. Ukiuziba huo au ukauchomeka kwenye mvuto, valvu haitaachia tena na utapata tabu nyingine mpya ambayo haikuwepo. Ukipuliza kwa mdomo ukasikia hewa inatokea kabini, uache.

Na mpira wa modyuleta uuchunguze ndani. Ukiwa na mafuta mekundu ya gia boksi, modyuleta imechanika na mafuta yanapandishwa hadi pampu ya vakyumu, na pampu hiyo inatema ndani ya injini. Mtu anaona oili ya gia boksi inapungua, chini ya gari hakuna tone, anashangaa inaenda wapi.

dizeli_kavu:
Asanteni sana wakuu, nimepata pampu ya mkono kwa jirani nikafanya kama mwanagereji alivyosema. Pampu ya gari ni nzima, geji ilisimama 22. Valvu ya kuzimia nayo nzima, nilipovuta injini ikakata palepale, na mpira mkavu. Kumbe mpira wa kahawia wenye bluu ulichomekwa kwenye njia ya gia boksi na wa gia boksi ndo uliokuwa unaning'inia! Nimevibadilishana, gia sasa zinabadilika laini nimefurahi mno. Lakini nikiunganisha ule wa njano geji inashuka mpaka 8 na injini inachelewa kuzima, inatetemeka muda ndo inakata. Nikiuziba wa njano inazima vizuri.

nozo_pampu:
Hapo umefika mkuu. Mfumo wa kufuli una tobo na unazinyima mvuto njia nyingine. Kwanza angalia ile valvu ya njia moja kwenye mpira wa njano, puliza huku na huku, ipitishe upande mmoja tu. Kazi yake ni kwamba milango ikivuja isinyonye mvuto wa sehemu nyingine, na pia kufuli zibaki na akiba injini ikiwa imezimwa. Kisha kila mlango usio wa dereva una kikopo chake chenye ngozi ya mpira kinachosukuma kufuli, na buti na kile kifuniko cha tanki la mafuta pia vina vyake, watu husahau hicho cha tanki. Chomoa kimoja kimoja uvute kwa mkono. Viungo vya mpira kwenye bawaba za milango navyo hupasuka maana vinakunjwa kila mlango ukifunguliwa.

mwanagereji:
Kwa sasa ziba huo wa njano kwa skrubu inayobana vizuri, usiuache wazi hata siku moja, tundu wazi linavuta vumbi moja kwa moja kwenye pampu. Gari utaitumia vizuri tu, milango funga kwa mkono mpaka upate vikopo. Na viungo vya mpira vyote vya kona badilisha kwa pamoja, vile vigumu vya plastiki vinadumu lakini vimpira vya kwenye maungio vikishakauka leo kimoja kesho kingine.

dizeli_kavu:
Nimeelewa. Naanza na kifuniko cha tanki, hicho hata sikujua kama kina kikopo.