Naomba ushauri: paklobutrazoli kwa miembe kwenye udongo wa kichanga wa Newala

Wakuu, salaam. Shamba ni mchanganyiko wa miembe na mikorosho, udongo mchanga mtupu, mboji kidogo. Mpango ni kuwahisha maua ya miembe kwa paklobutrazoli (dawa ya kupunguza urefukaji wa mti ili utoe maua) ya asilimia 25, mwezi Machi udongo ukiwa bado na unyevu.

Kipimo kinachojulikana ni gramu 1 ya kiambata (dawa halisi iliyomo) kwa kila mita ya upana wa matawi, yaani mililita 4 za dawa. Mti wa mita 5 unapata mililita 20 ndani ya lita 10 za maji, kwenye mfereji wa kina kifupi kuzunguka shina. Hapo sina shida.

Shida ni chini ya ardhi. Dawa hii huzuia jibereli, homoni ya kurefusha mmea, na ikizidi mizizi hunenepa na kudumaa, machipukizi yanakuwa mafupi, maua yanasongamana. Tena ni ya ukoo mmoja na heksakonazoli, dawa ya kuua kuvu tunayopulizia ubwiri unga (ugonjwa wa kuvu wa mikorosho), kwa hiyo nahofia kuvu rafiki wa mizizi. Wanaoivunja ni vijidudu vya udongo, na hapa ni wachache. Salfa tunayopulizia mikorosho nayo inaongeza tindikali kila msimu. Masalia yanaweza kukaa mwaka na zaidi.

Naomba kujua:
Mwaka wa pili mnapunguza nusu au mnaruka kabisa?
Samadi mnaweka kabla au baada, na debe ngapi kwa mti?
Mkorosho ulio mita 6 jirani, mizizi yake hainywi dawa hiyo?

Wa kuniambia "weka tu" apite. Nataka aliyefukua mizizi akaiona.