Taa mpya za mbele kwa Land Cruiser pikapu ya mwaka 1996: kioo cha H4 au LED kamili?

Mkulima wa Mang'ola

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninayo Toyota Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1996, yenye injini ya 1HZ na taa mbili za duara za inchi 7. Gari hili hubeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu, na kwa kuwa wanunuzi hutaka mzigo uwe umefika asubuhi na mapema, sehemu kubwa ya safari hufanyika gizani, kwenye njia ya vumbi yenye punda, ng'ombe na waendesha baiskeli wasio na taa. Taa zilizopo zimechoka. Riflekta ya kulia (sehemu ya ndani inayoakisi mwanga) imeingia kutu pembeni na rangi yake ya fedha imeanza kubanduka, kioo cha kushoto kina ufa uliotokana na jiwe, na mwanga ni wa njano hafifu kiasi kwamba nikiweka dimu (mwanga wa chini) ninaona mita chache tu mbele ya bampa.

Nimeulizia Arusha na kila duka lina lake. La kwanza linauza taa za kioo za kutumia balbu ya H4 (balbu ya halojeni yenye dimu na fulu, yaani mwanga wa mbali, kwa pamoja), zilizotengenezwa Taiwan, kwa bei nafuu. La pili linauza taa za LED za duara zilizokamilika, zenye pete ya mwanga mweupe kuzunguka, kwa bei ya juu zaidi. La tatu linanishauri nibaki na taa zangu na niweke balbu za LED zinazoingia kwenye soketi ya H4. Fundi wangu naye anasema yote hayo ni gharama bure, niweke balbu za wati 100/90 na mambo yatakwisha. Naomba ushauri wa wenye ujuzi kabla sijatoa fedha.

Fundi Umeme Mwanza

Mkuu, swali lako ni zuri, lakini nakuomba usinunue chochote kabla hujapima umeme unaofika kwenye taa zako. Katika magari ya umri huo, taa hafifu mara nyingi hutokana na waya, swichi na viungo vilivyochakaa kabla ya kutokana na taa yenyewe. Mwanga wa balbu ya halojeni haupungui kwa kiwango kilekile ambacho volti imepungua, bali hushuka kwa kasi zaidi: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mtu anaweza kununua taa bora kuliko zote sokoni, akazifunga kwenye waya uliochoka, na bado akaendesha gizani.

Pima hivi. Washa injini, washa dimu, kisha chomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya taa huku balbu ikiwa inawaka, kwa sababu ukipima soketi tupu utaona volti kamili na utadanganyika. Baada ya hapo pima betri yenyewe. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo umeme unaopotea njiani. Ikizidi nusu volti, kuna kazi ya kufanya: kufunga rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayozipa taa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hakikisha pia kwamba gari lako ni la volti 12, kwa kuwa Land Cruiser za zamani zipo za volti 24 vilevile, na kuona betri mbili chini ya boneti si uthibitisho, maana zinaweza kuwa zimeunganishwa sambamba na kubaki volti 12.

Kuhusu balbu za 100/90, sikubaliani na fundi wako hata kidogo. Balbu ya kawaida ya H4 ya volti 12 ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, hivyo taa mbili za fulu huvuta takriban ampea 10. Ukiweka za wati 100, zitavuta karibu ampea 17 kupitia swichi ileile ya usukani na waya uleule uliokwisha kuchoka. Kwanza utapoteza volti nyingi zaidi, kwa hiyo hutapata mwanga unaoutarajia. Pili soketi itaanza kuyeyuka, na nimebadilisha soketi nyingi zilizogeuka rangi ya kahawia na kunuka plastiki iliyoungua, pini ya katikati ikiwa imelegea ndani yake.

Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni nayo naikataa. Ndani ya balbu ya H4 kuna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya riflekta. Taa nzima imechorwa kufuata mahali uzi ulipo na umbo la kikombe hicho, kwa usahihi wa chini ya milimita. LED nyingi za kuchomeka haziutoi mwanga pale pale, na matokeo yake ni mwanga uliotapakaa: ukutani unaonekana mweupe na wa kuvutia, lakini barabarani unamwaga mwangaza mbele ya bampa na kumpofusha anayekuja mbele yako, huku mbali kukibaki giza.

Kiongozi wa Watalii, Arusha

Nakubaliana na ndugu wa Mwanza kuhusu balbu za LED, lakini nisingependa mwenye gari aondoke akiamini kwamba LED zote ni mbaya. Taa ya duara ya LED iliyokamilika ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ina riflekta au lenzi zake zilizotengenezwa kwa ajili ya LED hizohizo. Ikiwa ni ya kiwanda chenye heshima, ina ukomo wa mwanga ulionyooka na inatumia umeme kidogo kuliko halojeni, jambo ambalo ni msaada kwa waya wa zamani. Tatizo ni kwamba madukani zimejaa zile za pete na nakshi, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kupendeza. Ningemwomba muuzaji aiwashe kwa betri pale pale dukani, ukutani, ukiwa umesimama hatua kadhaa nyuma. Kama kwenye dimu huoni mstari unaotenganisha mwanga na giza, rudisha.

Kuna mambo matatu ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza ni kina cha nyuma: LED nyingi zina mapezi ya kupooza joto, na kwenye baadhi ya magari hugusa bakuli la taa kabla pete haijakaa vizuri, kwa hiyo nenda na bakuli au vipimo vyake. La pili ni redio. Sisi tunaotumia redio za mawasiliano porini tumeona taa za LED za bei ya chini zikileta mkwaruzo unaofunika sauti kila zinapowashwa. La tatu ni kwamba taa ya LED ikifa jioni ukiwa Mang'ola, huna la kufanya hadi upate nyingine nzima, ilhali balbu ya H4 utaipata hata kwenye duka la spea za kawaida na kuibadilisha kwa dakika chache. Kwa kazi yako ya mzigo, kwenye njia ya mawe, jambo hilo la tatu lingeniamulia: ningechukua kioo cha H4.

Msafiri wa Nakuru

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: taa ina upande. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo dimu iliyo sahihi huinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili kuangaza ukingo wa barabara na watembea kwa miguu, na kuushusha upande wa kulia ili asiumizwe anayekuja. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, na Falme za Kiarabu vilevile. Sasa fikiria ni spea ngapi zinazofika kwetu kupitia Dubai. Taa ya huko ukiifunga hapa, itamwelekezea mwanga wa juu yule anayekuja mbele, na hakuna skrubu ya kurekebisha itakayoiponya, kwa sababu kasoro imo ndani ya michoro ya kioo chenyewe.

Namna ya kuitambua ni kusoma alama kwenye kioo. Taa iliyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E na namba ndani ya duara, namba hiyo ikionyesha nchi iliyotoa idhini, kwa mfano E1 ni Ujerumani na E4 ni Uholanzi. Karibu yake kuna herufi HCR, maana yake ni taa ya halojeni yenye dimu na fulu. Tafuta mshale. Ukisimama mbele ya taa na kuitazama, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia unamaanisha taa ya nchi za kuendesha kushoto, yaani yetu. Taa isiyo na mshale wowote ni ya kuendesha kulia, na yenye mshale wa ncha mbili inafaa pande zote. Taa zenye herufi DOT pekee ni za Marekani, ambako pia huendesha kulia. Taa iliyotumika iliyotoka Japani kwa kawaida ina upande unaotufaa, maana nao huendesha kushoto, ila ichunguze riflekta yake kwa makini.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei wala ukali wa mwanga. Geuza taa, soma kioo. Kama kioo hakina alama yoyote, muuzaji hawezi kukuhakikishia imetengenezwa kwa ajili ya barabara gani.

Mkulima wa Mang'ola

Nawashukuru sana. Nimepima kama nilivyoelekezwa: betri ina volti 13.8 injini ikiwaka, lakini kwenye soketi ya taa ya kulia nimepata 10.9 tu. Nimepata pia jozi ya vioo vya H4 vyenye alama ya E na mshale unaoelekea kulia kwangu. Hata hivyo, fundi wangu amejaribu kwa testa na kushangaa: anasema pini moja ya soketi ina chanya muda wote taa zikiwashwa, na swichi inakata hasi. Anauliza kama gari limewahi kuchezewa. Je, bado naweza kufunga rilei? Na riflekta ya zamani, kuna anayeshauri niipulizie rangi ya fedha ili taa hiyo iwe ya akiba. Inafaa?

Fundi Umeme Mwanza

Gari halijachezewa, mkuu. Toyota nyingi za kizazi hicho zilitoka kiwandani hivyo: chanya inafika kwenye taa zote mbili, na swichi ya dimu na fulu inaunganisha upande wa hasi. Ndiyo maana pia balbu nyingi za LED zikichomekwa kwenye magari haya huwaka ovyo, au taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi hukataa kuwaka. Kwa vipimo vyako, ukilinganisha na volti 13.2 ambazo balbu hupimiwa, unapata takriban nusu ya mwanga uliostahili kuupata. Hiyo ndiyo giza yako.

Rilei zinafungika bila shida. Chukua rilei mbili za ampea 30 au 40, moja ya dimu na moja ya fulu. Chomoa soketi ya taa moja na uitumie kama amri tu. Rilei ya dimu, pini 86 (namba huandikwa kwenye rilei yenyewe) iende kwenye pini ya chanya ya soketi hiyo, na pini 85 iende kwenye waya wa dimu. Rilei ya fulu ifanywe hivyohivyo, ila 85 yake iende kwenye waya wa fulu. Soketi ya taa ya pili ifunikwe vizuri isiingie maji. Kisha vuta waya mnene wa milimita za mraba 4 kutoka chanya ya betri, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, fyuzi zikiwa karibu kabisa na betri, na uingie pini 30. Kutoka pini 87, waya wa milimita za mraba 2.5 uende kwenye soketi mpya za taa zote mbili. Hasi ya kila taa ifungwe kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane, au bora zaidi irudishwe moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Chagua soketi mpya za kauri au za plastiki ngumu, kwa sababu za zamani zimekwisha pata joto. Ukimaliza, pima tena palepale. Usikubali kazi kama tofauti na betri inazidi nusu volti.

Riflekta usiipulizie rangi. Ung'aavu wake wa asili ni tabaka jembamba sana la alumini, na rangi ya kopo, hata iitwe ya fedha, hutawanya mwanga badala ya kuuelekeza. Hata kuifuta kwa kitambaa huikwaruza.

Kiongozi wa Watalii, Arusha

Mkishafika kwenye kufunga, mwambie fundi aanze kwa kupulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye zile skrubu ndogo za pete siku moja kabla, maana vichwa vyake huharibika kirahisi. Katika ile pete kuna skrubu mbili kubwa zaidi zenye springi: hizo ni za kurekebisha mwelekeo, na zisiguswe wakati wa kufungua. Neno TOP lililochorwa kwenye kioo likae juu.

Kurekebisha mwelekeo kufanyike gari likiwa na mzigo wa vitunguu wa kawaida na matairi yakiwa na upepo sahihi, kwa kuwa mzigo hukandamiza nyuma na kuinua pua. Liegeshe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, tuseme sentimita 95, halafu chora ukutani mstari ulio sentimita 10 hadi 15 chini ya kimo hicho, yaani kati ya 80 na 85. Ukomo wa dimu ukae kwenye mstari huo, na mkunjo wake wa kupanda uwe upande wa kushoto, ukianzia mbele ya katikati ya kila taa. Funika taa moja kwa gunia zito unaporekebisha nyingine, na usiliache juu ya kioo muda mrefu kwa sababu halojeni huchoma. Ukirudi Mang'ola bila mzigo mwanga utashuka kidogo zaidi, na hilo halimdhuru yeyote. Kosa la hatari ni kurekebisha gari likiwa tupu kisha kulipakia.