Krismasi kwa familia ya rafiki yangu Austria: mgeni afanye nini usiku wa tarehe 24?

MsafiriWaNjombe anauliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nchini Ujerumani, na mwenzangu wa darasani amenialika kula Krismasi kwa wazazi wake, katika kijiji kimoja karibu na Steyr, Austria ya Juu. Watakuwapo wazazi wake, bibi yake mzaa mama mwenye umri wa miaka 84, dada yake na mumewe, pamoja na watoto wao wawili wa miaka 5 na 7.

Mimi nimelelewa katika Ulutheri huko Njombe, ambako Krismasi ni ibada ya asubuhi ya tarehe 25, kisha wali na nyama, na mlango hubaki wazi mpaka jioni kwa yeyote apitaye. Rafiki yangu ameniambia mambo mawili tu: nifike kabla ya mchana wa tarehe 24, na nisithubutu kuwatajia watoto habari za mzee mwenye ndevu nyeupe na nguo nyekundu. Nilipomwomba anifafanulie, alicheka akasema kwamba nitajionea mwenyewe. Sipendi kujionea mwenyewe mbele ya wakwe za watu. Napenda kujua mapema. Baridi hainitishi, kwa kuwa aliyekulia Njombe anaifahamu, lakini desturi za watu ni jambo jingine.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: shughuli yenyewe huwa saa ngapi, niwapelekee zawadi gani, na je, itakuwa adabu nikiomba niwapikie pilau usiku huo?

MkaziWaLinz anajibu:

Ndugu yangu, hongera kwa mwaliko, na usiuchukulie kuwa jambo dogo. Nimeishi hapa miaka tisa, na ninaweza kukuhakikishia kwamba Mwaustria anaweza kukukaribisha kahawa mara kumi kabla hajafikiria kukuingiza nyumbani kwake usiku wa tarehe 24. Usiku huo ni wa watu wa ndani. Maduka hufungwa saa nane mchana, barabara zinabaki tupu, na kufikia saa kumi na moja jioni giza limekwisha kuingia. Utakachokikuta si kelele za sikukuu kama tulivyozoea, bali ni ukimya, na mgeni asiyejua huweza kudhani kwamba wenyeji wamekasirika.

Kuhusu yule mzee mwenye ndevu, rafiki yako ana haki kukuonya. Katika familia nyingi za Austria, zawadi haziletwi na mzee yule wa matangazo ya biashara, bali na Christkind, yaani Mtoto Kristo, ambaye hakuna amwonaye. Mtakatifu Nikolasi wanamjua na wanampenda, lakini yeye siku yake ni tarehe 6 Desemba, na jioni inayotangulia hutembea pamoja na Krampus, lile dubwana lenye pembe na minyororo linalowatisha watoto watukutu. Hao wawili watakuwa wamekwisha kwenda zao utakapofika.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda, maana hapa ndipo wageni hukosea. Katika nyumba zinazoshika desturi, mti haupambwi mapema mbele ya macho ya watoto. Mchana wa tarehe 24 mlango wa sebule hufungwa, tena wengine huziba hata tundu la ufunguo, na watoto hupelekwa matembezi, au kumtembelea jamaa, au kuwasha mishumaa kwenye makaburi ya babu na bibi zao. Huenda ukaombwa wewe na rafiki yako muwatoe watoto nje. Kubali mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenye maana kuliko zote mchana huo. Katika mkoa huu wa Austria ya Juu watoto wengi hubeba taa kwenda kuchukua Mwanga wa Amani, moto unaowashwa Bethlehemu na kusambazwa kutoka mshumaa hadi mshumaa. Desturi hiyo ilianzishwa na redio na televisheni ya hapa Linz mwaka 1986, na siku hizi moto huo unafika nchi nyingi.

Giza likiingia, kengele ndogo hulia ndani ya sebule. Ndipo mlango unafunguliwa, na mti unaonekana kwa mara ya kwanza, umewaka mishumaa, mara nyingi mishumaa ya kweli ya nta (na ndoo ya maji pembeni, ukiangalia vizuri), pamoja na vijiti vinavyotoa cheche kama nyota. Wakati huo usiseme neno, usitoe simu, na usikimbilie zawadi. Familia husimama mbele ya mti, mmoja husoma habari ya kuzaliwa kwa Yesu katika Injili ya Luka, kisha wanaimba. Utausikia Usiku Mtakatifu, na hapo ujue kwamba wimbo huo ni wa kwao hasa: uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg, maneno yakiwa ya padri Joseph Mohr na muziki ukiwa wa mwalimu Franz Xaver Gruber, kwa kusindikizwa na gitaa. Wenye kushika desturi hawapendi kuuimba kabla ya usiku huo, kwa hiyo usiupige mluzi jikoni asubuhi.

Zawadi zinafuata baada ya nyimbo. Ukiwa umewanunulia watoto kitu, usiwakabidhi mkononi wala usiandike jina lako. Mpe mama yao kwa siri mara tu unapofika, naye atakiweka chini ya mti, kwa sababu kila kilichopo pale kimeletwa na Christkind. Shukrani hutapata, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa wazazi na bibi peleka kitu kidogo cha kwenu. Kutoka Njombe sioni kinachoshinda chai.

Pilau, kwa maoni yangu, iache. Chakula cha usiku huo kimekwisha pangwa tangu alipozaliwa bibi.

BintiWaTanga anajibu:

Naunga mkono karibu yote aliyoyasema MkaziWaLinz, isipokuwa hilo la pilau, ambalo nitalirudia.

Mimi ni Mwislamu, na nilipokuwa nasoma Vienna nilikaa na familia ya rafiki yangu Krismasi mbili. Muulizaji hakusema kama kuna asichokula, lakini nawaandikia na wengine watakaosoma hapa: sema wiki kadhaa kabla, tena sema waziwazi. Mezani huwa kuna samaki wa kukaanga aina ya Karpfen, ambaye ni samaki wa maji baridi, pamoja na saladi ya viazi iliyotiwa siki. Lakini nyumba nyingi, hasa huko Austria ya Juu, hula soseji na kabichi iliyochachushwa, na soseji hizo kwa kawaida ni za nguruwe. Wengine wanashangaa kwamba usiku mkubwa namna ile unaliwa chakula chepesi kiasi kile. Sababu ni kwamba zamani mkesha ulikuwa siku ya kufunga kula nyama, na chakula kizito, kama bata bukini wa kuoka, kilingoja tarehe 25. Vibiskuti navyo vichunguze. Vile vya umbo la mwezi mchanga, vya lozi au jozi na vanila, havina neno, lakini vingine hutiwa ramu. Mama wa rafiki yangu alinitengea sahani yangu mwenyewe na kuiandikia jina, na hata leo nikikumbuka sahani ile moyo wangu unalainika.

Kuhusu ukimya, nakiri kosa langu. Mlango ulipofunguliwa na ule mti ukatokea unawaka, nilipiga vigelegele. Sikukusudia, vilitoka vyenyewe, kama vinavyotoka bibi harusi anapoingia. Mtoto mdogo aliangua kilio, babu akadondosha kitabu cha nyimbo, na mshumaa mmoja ukazimika, ingawa huo wa mshumaa nadhani si mimi.

Sasa pilau. Usiku wa tarehe 24, hapana. Tarehe 25, hapana pia. Lakini tarehe 26, siku ya Mtakatifu Stefano, ambayo nayo ni sikukuu ya taifa, watu hutembeleana, mabaki yamewachosha, na mama mwenye nyumba amekwisha simama jikoni siku tatu. Ukimwambia kwamba siku hiyo apumzike, nawe utapika, hatakataa. Beba viungo vyako mwenyewe, kwa sababu siku zote mbili maduka yamefungwa.

MzeeWaMarangu anajibu:

Mwanangu, mengi yamesemwa vizuri, nami naongeza matatu tu.

Usiku kuna misa ya mkesha, kwingine saa sita usiku, kwingine mapema zaidi, na mara nyingi wapiga tarumbeta hupuliza nyimbo kutoka mnarani. Ukiwa Mlutheri, nenda bila wasiwasi na uimbe. Wakati wa kupokea ekaristi baki kwenye benchi, hakuna atakayekutazama vibaya.

La pili, kama utakaa hadi mwanzoni mwa Januari, watakuja watoto waliovaa kama Mamajusi, wakiimba na kuandika kwa chaki juu ya mlango C, M na B pamoja na mwaka, yaani Kristo aibariki nyumba hii, kwa Kilatini. Wanachangisha fedha za miradi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kazi ambayo vijana Wakatoliki wa huko wameifanya tangu mwaka 1954. Zamani mmoja wao alipakwa rangi nyeusi usoni. Siku hizi jambo hilo linaachwa, lakini ukilikuta kijijini, uwe umelijua kabla, ili uchague mwenyewe kusema au kunyamaza.

La tatu ni la furaha. Mtaa mmoja wa Steyr unaitwa Christkindl, una kanisa la hija, na tangu mwaka 1950 hufunguliwa pale posta maalumu ya msimu wa Krismasi inayogonga muhuri wake kwenye barua. Mtumie mama yako kadi kutoka hapo.

MsafiriWaNjombe anaandika tena, tarehe 9 Januari:

Wazee wangu na ndugu zangu, nimerudi salama, nanyi mlinisitiri. Watoto niliwatoa nje kwa saa mbili na nusu, wakanifundisha kuteleza kwenye theluji kwa namna ambayo goti langu bado linaikumbuka. Kengele ilipolia nilijifunga mdomo kwa mkono, dada wa Tanga, maana vigelegele vilikuwa njiani. Bibi alikunywa chai ya Njombe bila sukari, akasema ni kali, kisha akaomba kikombe cha pili. Pilau nilipika tarehe 26, ikaungua chini kwa sababu jiko lao la umeme sikulielewa, na ukoko ndio uliogombaniwa.

Kadi niliituma kutoka Christkindl. Mama bado hajaipata. Jambo moja ambalo hamkunitajia ni gamba la samaki: baada ya chakula bibi aligawa magamba makavu ya Karpfen, moja kwa kila mtu, tuweke ndani ya pochi ili fedha zisikatike mwaka mzima. Langu nimeliweka pamoja na kitambulisho cha chuo. Hadi leo mchana limesimamia euro nne na senti sitini.