Mvule mzee shambani Muheza: niukate au niuache?

Mwenye shamba: Wakuu, mvule wangu una mzunguko wa mita 2.4 usawa wa kifua, na gogo limenyooka mita 6 hadi tawi la kwanza. Matawi mawili ya juu yamekauka, na chini ya shina umeota uyoga mgumu. Mnunuzi anautaka ukiwa umesimama. Nivune?

Mpasua mbao: Mkuu, matawi makavu yasikutishe. Cha kuogopa ni uyoga wa chini, huenda kiini kinaoza. Gonga shina kwa kisigino cha shoka, uzunguke pande zote. Mlio mfupi mzito ni mti mzima. Ukilia kama ngoma, ndani kuna uwazi. Penye shaka toboa kwa keekee yenye biti ndefu ya milimita 8. Unga mkavu wa kahawia ni salama. Biti ikizama ghafla, au unga ukitoka laini na wenye maji, hapo umefika penye uozo. Pima umeingia sentimita ngapi. Tundu moja au mawili yanatosha, kwani kila tundu ni mlango wa kuoza.

Hesabu ya ujazo wa gogo (mzunguko mara mzunguko, gawa kwa 12.57 ambayo ni 4 mara pai, zidisha kwa urefu): 2.4 × 2.4 ÷ 12.57 × 6 = mita za ujazo 2.75. Gogo hupungua unene kwenda juu, chensoo inakula nyingi, na sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu. Tarajia mbao 20 hivi za inchi 2x8 za futi 12, tena kama kiini ni kizima. Usiuze kwa kukadiria kwa macho.

Bwana misitu: Kibali kwanza. Mvule umehifadhiwa kisheria, hata ukiwa shambani kwako. Anzia serikali ya kijiji, kisha ofisi ya misitu wilayani. Mbao zisizogongwa nyundo ya alama ya misitu wala kuwa na hati ya kusafirishia hukamatwa njiani.

Halafu angalia kama mti wako unazaa matunda. Mvule una dume na jike, na popo ndio husambaza mbegu za jike. Miche hushambuliwa na kidudu kinachotia vinundu kwenye majani, ndiyo maana kuotesha mwingine ni kazi. Jike lililobaki peke yake ningeliacha, labda liwe linainamia nyumba.

Mpasua mbao: Naongeza: mvule huficha mawe meupe ndani, hasa penye jeraha la zamani, nayo humaliza meno ya mnyororo wa chensoo. Andikishaneni mapema nani atalipia mnyororo.

Mwenye shamba: Asanteni. Nyumba iko mbali, na unazaa. Nitagonga na kutoboa kwanza, mnunuzi asubiri.