Njaa ya Mlima Lebanon 1915–1918: ngano ya Hauran ilikwama wapi?

Swali
Wakuu, njaa hii husimuliwa kwa sababu moja moja: mmoja atataja nzige, mwingine manowari za Uingereza na Ufaransa zilizofunga pwani, mwingine Jamal Pasha, kamanda wa Waosmani (dola ya Kituruki) huko Syria. Lakini Hauran (tambarare kusini mwa Damascus) na Bekaa (bonde mashariki mwa mlima) zililima ngano, na reli ya Damascus–Beirut ilikuwepo tangu 1895. Nini hasa kiliizuia nafaka isipande mlimani?

Jibu la 1
Anza na uchumi wa mlima wenyewe. Mashamba mengi yalikuwa ya miforsadi, majani yake yakilisha viwavi vya hariri. Hariri iliuzwa Lyon, Ufaransa, na fedha yake ndiyo ilinunua ngano. Tegemeo la pili lilikuwa hela za jamaa waliohamia Amerika. Waosmani walipoingia vitani mwishoni mwa 1914 na bahari ikafungwa, yote mawili yalikatika. Nzige wa 1915 walimaliza majani na mboga za watu ambao tayari hawakuwa na kitu mfukoni. Ungelileta behewa la ngano hadi stesheni ya Beirut, wengi wangelitazama tu.

Jibu la 2
Na kulifikisha ilikuwa kazi. Makaa ya mawe ya reli ile yalikuja kwa meli. Yalipokosekana, vichwa vya treni vilichomewa kuni: miti ya msituni, mizeituni, hata hiyo miforsadi. Kuni za uzito uleule hazitoi joto la makaa, na njia ile ina miinuko mikali hadi ikawekewa reli ya meno, yaani reli ya ziada ambayo gurudumu la treni huishika kwa meno ili lisiteleze. Mvuke ukipungua, mzigo unapungua. Halafu Jeshi la Nne la Jamal Pasha lilijitwalia mabehewa kwa ajili ya vita vya Sinai dhidi ya Waingereza.

Jibu la 3
Mmesahau noti, na mimi naona ndilo jambo kubwa kuliko nzige. Waosmani walianza kutoa noti za vita 1915, wakalazimisha zipokelewe kwa thamani ya dhahabu. Sokoni zikaporomoka. Jeshi likija Hauran na noti, mkulima anafukia ngano yake na kumngoja mwenye dhahabu. Walanguzi wa mijini nao wakafanya vivyo hivyo ghalani. Baada ya Sharif Hussein, mtawala wa Makka, kuwaasi Waosmani Juni 1916 akisaidiwa na Waingereza, dhahabu yao ikaanza kuzunguka jangwani, na mkulima akapata mnunuzi mwingine.

Mwuliza swali
Shukrani. Kuna alama iliyobaki baada ya vita?

Jibu la 1
Mpaka. Mwaka 1919 Patriaki Hoayek, mkuu wa kanisa la Wamaroni, Wakristo wa mlimani, alikwenda Paris kuidai Bekaa, na hoja mojawapo ilikuwa hiyohiyo: mlima peke yake haujilishi. Tarehe 1 Septemba 1920 Jenerali Gouraud wa Ufaransa akatangaza Lebanon Kubwa: mlima, Beirut, Tripoli, Saida na Bekaa. Hauran ikabaki Syria. Mpaka huo haumo kwenye mstari wa Sykes–Picot wa 1916, mapatano ya siri ya Uingereza na Ufaransa ya kugawana nchi za Waosmani, ingawa ndio hulaumiwa kila mara. Na pamoja na mashamba ya ngano wakaingizwa Waislamu wengi wa Tripoli na Bekaa waliotaka kubaki na Damascus.